Tableti Yenye Mwanga Kuliko Zote

Asmani alikuwa na maneno machache, na hayo machache aliyabania. Ukimsalimu amahoro, yaani amani, atakujibu amahoro, yameisha. Ukimwambia ziwa leo limechafuka, atalitazama ziwa, atakutazama wewe, kisha ataendelea kufunga kamba zake. Wavuvi wenzake wa Rumonge walishamzoea. Huyu si wa soga, walisema, lakini mpe taa umwone.

Kwa taa, kweli, alikuwa fundi. Chombo chao kilikuwa mitumbwi iliyofungwa pamoja, wavu katikati, na taa zikining'inia juu ya maji. Giza likiingia unawasha, unakaa kimya, unangoja. Ndagala, hao dagaa wa ziwani, hawaitwi kwa majina. Wanaona mwanga wanakuja wenyewe, wanajaa hadi maji yanaonekana kama yanachemka, halafu wavu unapandishwa. Kazi hiyo aliianza hana hata ndevu, na sasa ndevu zilikuwa zinaanza mvi. Jambo moja alilijua kuliko yote: taa kali inaleta samaki, taa hafifu inakulaza na njaa.

Sasa sikia yaliyompata.

Alikuwa na binti mmoja, Sabrina, wa miaka kumi na mitano. Mama wa binti, Kadidja, alikuwa ameachana na Asmani tangu mtoto akiwa mdogo. Alihamia Kigoma, ng'ambo ya mpaka huko Tanzania, akafungua duka la vitenge, mambo yakamnyookea. Mtoto alibaki Rumonge kwa baba. Mwaka huu Sabrina akafaulu konkuru, ule mtihani wa taifa wa mwisho wa darasa la tisa, tena akafaulu mpaka walimu wakaja nyumbani kupongeza. Habari zikafika Kigoma. Kadidja akapiga simu siku hiyohiyo: Sabrina aende akasome huko, chumba chake kiko tayari, na simu kubwa ya kisasa imeshanunuliwa, iko ndani ya boksi inamngoja mwenyewe.

Sabrina alisikiliza yote. "Nitafikiri, Mama," akajibu. Kisha akamrudishia baba yake simu na kwenda kuosha sahani.

Nitafikiri! Neno hilo lilimkaa Asmani kooni kama mwiba wa samaki mukeke. Hakutaka mtoto aende. Hakutaka kwa moyo wake wote, wala hakuweza kuifikiria nyumba bila yeye. Je, alimwambia? Thubutu. Alizunguka uani, akashika ndoo, akaiweka, akaishika tena, mpaka wazo likamjia: mama yake amewasha taa huko Kigoma, basi na mimi niwashe yangu, tuone ipi ni kali.

Bahati nzuri zilikuwa siku za mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa ndagala hawaendi ziwani, kwa sababu mwanga umetapakaa kila mahali na taa zao hazivuti kitu. Wanashona nyavu, wanalala, wanagombana na wake zao. Asmani, ambaye hakuwa na mke wa kugombana naye, alimchukua dada yake Mwamini wakaenda sokoni. Mwamini alikuwa muuza mawese, mwanamke wa kushusha bei hata ya kitu asichokinunua, na Asmani alijua kwamba mdomo wake mwenyewe ungemtia hasara.

"Tunatafuta nini?" Mwamini aliuliza njiani.

"Tableti."

"Ya nani?"

"Ya Sabrina."

"Anaipenda tableti?"

Asmani aliongeza mwendo. Ukweli ni kwamba hakujua. Alijua mtoto anasoma, hilo kila mtu alilijua. Sabrina alisoma chochote chenye herufi: vitabu vya shule, karatasi za dawa, gazeti la juzi lililofungiwa maandazi. Mwalimu Leonidasi, mmoja wa wale waliorudi kutoka ukimbizini Tanzania, alikuwa amerudi na sanduku zima la vitabu vya Kiswahili, na Sabrina alikuwa anaviazima kimoja kimoja. Ndani ya vitabu hivyo kulikuwa na nini, Asmani hakuwahi kuuliza.

Duka la Abdoulkarim lilikuwa dogo, limejaa simu, redio na nyaya mpaka mlangoni. Abdoulkarim mwenyewe alikuwa kijana mcheshi, anapenda kueleza. Alipanga tableti tatu juu ya meza ya kioo na kuanza: hii iko na memori kubwa, hii iko na kamera mbili, hii ilitumika Ulaya kidogo tu, bado iko safi, na bei yake ni ya kirafiki.

Asmani alimsikiliza kwa adabu mpaka akamaliza. "Zima taa ya duka," akasema.

"Muzee?"

"Zima. Na funga mlango kidogo."

Abdoulkarim alimtazama Mwamini, Mwamini akainua mabega. Taa ikazimwa, mlango ukarudishwa. Asmani aliwasha tableti zote tatu, akazipandisha mwanga hadi mwisho, akazisogeza mbali, akarudi nyuma hadi ukutani, akakunja jicho moja. Alizipima kama anavyopima taa za chombo kila mwanzo wa msimu. Akauliza zinakaa na moto, yaani chaji, muda gani. Akauliza kama mwanga unapungua betri ikichoka. Memori hakuiuliza, na kamera hakuitazama.

"Hii," akasema, akiigusa ile iliyowaka hadi ukuta wa pili ukaonekana.

"Hapo umechagua, muzee. Hii ukiiwasha, nyumba nzima inaona."

"Ndiyo ninayoitaka."

Mwamini akaingia kwenye bei, na hapo tumwache, maana ilikuwa vita na alishinda. Wakati wanavutana, Asmani aliona kitu kingine nyuma ya kioo, chini kabisa, katikati ya chaja zilizokufa. Kilikuwa cha kijivu, chembamba, ukubwa wa daftari la shule. Juu ya kioo chake palikuwa na picha ya kalamu na chupa ya wino.

"Na ile?"

"Ile imeharibika," Abdoulkarim alisema. "Ilikuja na mizigo kutoka Ulaya. Haina rangi, haina sauti, haina mwanga. Na hiyo picha imeganda. Ukiizima inabaki, betri ikiisha inabaki. Sijui ina nini."

Asmani aliichukua. Aliikwaruza picha kwa ukucha akidhani ni stika. Haikuwa stika. Aliigeuza, akaitikisa, akaiweka sikioni.

"Kitu kimekufa na bado kinaonyesha picha," Mwamini alisema. "Kaka, rudisha. Mimi sitaki majini nyumbani kwetu."

Asmani akairudisha. Lakini walipotoka na tableti yao ndani ya mfuko, mawazo yake yalibaki kwa kile kidude. Mwanga hakuna, moto hakuna, picha ipo. Inawezekanaje? Alitembea hadi nyumbani akijiuliza hivyo.

Sabrina alipokea zawadi kwa mikono miwili. "Murakoze cane, Papa," akasema, asante sana, na tabasamu lake lilikuwa la kweli. Asmani aliridhika mno. Jioni hiyo tableti iliwashwa sebuleni, na kweli, nyumba nzima iliona.

Kilichofuata, mvuvi wa ndagala alipaswa kukitarajia kuliko mtu yeyote. Wa kwanza kuja walikuwa watoto wa jirani, wamesimama dirishani. Siku ya pili walikuwa ndani, wamekaa chini safu kwa safu, na mama zao mlangoni. Siku ya tatu vijana wa chombo, ambao nao walikuwa hawana kazi kwa sababu ya mwezi, walileta mkeka wao wakataka mpira. Mwamini, yuleyule aliyeogopa majini, alikuja na kiti chake mwenyewe kufuatilia mchezo wa kuigiza wa mwanamke aliyeibiwa mume, na ole wake atakayeongea mume anapoingia. Chai ilipikwa na kwisha. Sukari ikaisha. Mtoto mmoja akalala nyuma ya mlango akasahauliwa hadi asubuhi.

Asmani mwanzoni alifurahi. Nyumba yake ilikuwa haijawahi kuwa na watu hivyo tangu harusi. Halafu Ijumaa, aliporudi kutoka msikitini, alisimama mlangoni akavihesabu vichwa kwa macho, kimoja baada ya kingine, na kile alichokuwa anakitafuta hakikuwepo.

Alizunguka nyumba. Sabrina alikuwa nyuma, kwenye kivuli cha jiko, amekaa juu ya dumu la mawese la shangazi yake. Magotini alikuwa na kitabu cha Mwalimu Leonidasi, kimechakaa, hakina jalada. Alikuwa anasoma huku midomo ikicheza kidogo.

"Mbona uko huku?"

Binti aliinua macho. "Huko kuna watu, Papa."

"Na tableti?"

"Wanaiangalia." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Asmani alisimama pale na kofia yake mkononi. Unajua aibu inavyompata mtu kwenye kazi yake mwenyewe? Si aibu ya kuchekwa, maana hakuna aliyemcheka. Alikuwa amewasha taa kali kuliko zote, na ikavuta mtaa mzima, ikavuta hadi dada yake na kiti chake, na yule mmoja aliyewashiwa akasogea gizani apate kusoma. Akakaa chini kwenye jiwe, mbele ya binti yake. Alikuwa hajawahi kukaa hapo.

"Kitabu kinasema nini?" akauliza.

Sabrina alidhani hakusikia vizuri. "Hiki?"

"Hicho."

Basi akamweleza. Kulikuwa na mwanamke, alisema, anayeendesha mashua ya mizigo, na watu wa kijiji wanataka kujua kwa nini hashuki nchi kavu. Asmani akauliza mashua ni ya mbao au ya chuma. Sabrina akarudisha kurasa, akatafuta, akamwambia ya mbao. Akauliza inabeba nini. Chumvi. Akauliza, sasa yeye hashuki kwa nini? "Sijafika hapo," Sabrina alisema, akicheka. "Na kitabu natakiwa kukirudisha leo. Kuna wengine wanakingoja."

Asmani aliinuka. Aliingia ndani, akapita katikati ya watu, akachomoa tableti katikati ya mchezo, na Mwamini akapiga kelele ambazo hazifai kuandikwa. "Twende sokoni," akamwambia Sabrina. "Safari hii uchague wewe."

Abdoulkarim aliipokea tableti kwa mashaka, akaikagua pembe zote, akasema kubadilisha kunawezekana kwa sababu ni mteja wake. Sabrina alipita mbele ya zile zinazong'aa bila kusimama. Akainama mbele ya kioo, chini kabisa.

"Ile ya kijivu naweza kuiona?"

"Ile mbovu? Baba yako ameshaiona," Abdoulkarim alisema.

Binti aliichukua, akatafuta pembeni, akapata kitundu. Akaomba waya, ikachomekwa. Hakuna kilichotokea, na Abdoulkarim akafungua mdomo aseme nilikwambia. Baada ya muda picha ya kalamu ikapepesa, kioo kikawa cheusi, kikawa cheupe, na maneno yakatokea. Kifaransa. Orodha ndefu ya vitabu.

"Haijaharibika," Sabrina alisema polepole. "Ni mashine ya kusomea vitabu. Mwalimu Leonidasi alituambia ziko hivi. Picha inabaki tu, kama wino kwenye karatasi. Haihitaji moto kuishikilia."

Asmani na Abdoulkarim waliinama kwa pamoja, vichwa vikagongana. Wote wawili walitaka kuona. Sabrina alibonyeza, ukurasa ukageuka. Abdoulkarim naye akaomba abonyeze, ukageuka tena. Vitabu vya mwenyewe wa zamani vilikuwa vimebaki humo, riwaya nyingi na kimoja cha kupika keki. Sabrina akasema vingine vinaingizwa kwa waya kutoka kwenye kompyuta, na kwamba Mwalimu anavyo vingi.

"Lakini mwanga wake uko wapi?" Asmani aliuliza. Swali hilo lilikuwa limemkaa wiki nzima.

"Haina, Papa. Njoo."

Alimvuta hadi nje, kwenye jua kali la saa nane. Aliomba pia tableti, akaziweka pamoja mikononi mwa baba yake. Tableti yenye mwanga kuliko zote ilikuwa imegeuka kioo cheusi, Asmani aliona humo ndevu zake tu. Ile ya kijivu ilisomeka kila herufi, na jua lilivyozidi ndivyo ilivyozidi kusomeka.

Alizitazama kwa zamu muda mrefu. "Mbalamwezi," akasema mwishowe. Sabrina, aliyekua na mvuvi, alielewa.

Abdoulkarim, tumsifu, hakuipandisha bei baada ya kujua ni nzima. Alisema ameshaiita mbovu mbele ya mashahidi. Kilichozidi aliwarudishia, na Asmani akamnunulia binti yake kitambaa cha kuifungia.

Walirudi kwa njia ya ufukweni, Sabrina akisoma huku anatembea na baba yake akimshika kiwiko asiingie kwenye nyavu zilizoanikwa. Nyumbani watu walikuwa wametawanyika, mkeka umebaki. Sabrina alikaa juu ya mkeka, akaifunga mashine, akaiweka pembeni.

"Papa, nikuulize. Ulinunua hivi vitu ili nisiende Kigoma?"

Asmani alifungua mdomo aseme hapana, ni kwa ajili ya konkuru. Neno lilifika hadi kwenye meno. "Ego," akasema. Ndiyo.

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilidhani utaona."

"Nione nini? Mimi niliona tableti." Sauti yake ilianza kutetemeka, naye akakasirika kwa sababu inatetemeka. "Mama alisema simu iko, chumba kiko. Wewe ukaleta tableti. Nikalala nikiwaza, labda Papa anataka niende, hii ni ya kuniaga. Hakuna hata mmoja aliyeniambia anataka niwe wapi."

Loo. Asmani alihisi kama amepigwa na kasia. Ya kuniaga! Mtoto amelala na wazo hilo siku zote hizo, na yeye sebuleni anahudumia chai.

"Sitaki uende," akasema. Alitulia, akaona hakufa. "Nikirudi kutoka ziwani asubuhi, nikisikia unazungusha ufunguo mlangoni, ndipo najua nimefika. Ukienda, sitakuwa na pa kufika. Kigoma wana shule nzuri, najua. Mimi nataka ubaki. Hilo ndilo."

Sabrina alijifuta pua kwa kiganja, kitoto kabisa. Kisha akachukua simu ya baba yake, akatafuta namba, akamnyooshea.

"Mwambie Mama."

"Nini?"

"Hayo. Vilevile. Mimi sitamwambia kwa niaba yako."

Heri angeambiwa aogelee hadi Kongo. Lakini simu ilikuwa inaita tayari, na sauti ya Kadidja ikatoka, kali kwa hofu. "Asmani? Mutoto ana nini?" Alikuwa na haki ya kuogopa. Asmani hakuwahi kumpigia tangu waachane.

"Mutoto mzima. Kadidja, sitaki aende." Akayasema yote, ya ziwani na ya ufunguo, hayakutoka kwa mpangilio lakini yalitoka.

"Asmani," Kadidja alisema, "maneno haya ulikuwa nayo siku zote?"

"Nilikuwa nayo."

"Miaka yote niliyokaa kwako nilingoja uniambie hata nusu yake. Siku ninaondoka ulinibebea mizigo hadi kwenye boti. Ukanipangia vizuri, ukaweka turubai juu isilowe. Hukusema kitu. Mimi nikajua basi, hunitaki."

Asmani alitazama mkeka.

"Nilikutaka," akasema.

Kule Kigoma ilisikika pikipiki ikipita, ikaenda mbali, ikapotea. Ndipo Kadidja akasema, kwa sauti ndogo, "Mpe mutoto simu."

Asmani akampa, akatoka uani haraka kabla macho hayajamwaibisha. Nyuma yake alimsikia binti yake akisema, "Nabaki, Mama. Likizo nitakuja, naapa. Mama, usilie na wewe."